Mtoto kapangiwa fani gani Wanamaji? Wazazi wa Dodoma tuelezane kazi yenyewe

Mzee wa Ipagala (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wanajukwaa.

Huku kwetu mtu akisikia kijana yuko Kigamboni, Kamandi ya Wanamaji, swali la kwanza ni kama anajua kuogelea. Ni swali zuri lakini halimfikishi mzazi mbali. Ndani ya meli moja ya kijeshi kuna kazi nane au kumi zisizofanana hata kidogo. Mmoja anashinda juani, mwingine halioni jua zamu nzima, wa tatu kazi yake ni kusikiliza redio. Hatari wanazokabiliana nazo ni tofauti, maradhi ni tofauti, na ujuzi watakaorudi nao uraiani ni tofauti. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtoto akipiga simu ni hili: umepangiwa fani gani?

Naomba tuelezane fani kwa fani. Anayeijua aseme kazi yenyewe, vifaa, kinachoharibika na kwa nini, na mzazi aliye huku bara anaweza kusaidia nini. Masharti ni mawili tu. Usitaje meli aliyopo mtoto, kikosi chake, tarehe ya safari wala bandari anayoelekea, na usiweke picha inayoonyesha namba ubavuni mwa meli. La pili, nafasi haziuzwi. Njia iliyozoeleka ni JKT kwanza, kama hapo kwetu Makutupora, kisha usaili wa JWTZ kwa tangazo la wazi, kisha ukuruta, ndipo fani. Anayekudai hela ya kumuunganisha mwanao ni tapeli.

Nianze na sitaha kwa sababu ndiyo inayoonekana. Hawa ndio wa kamba, nanga, boti ndogo na rangi. Kamba ya kufungia meli gatini ndiyo hatari yao kubwa kuliko bahari yenyewe. Kamba ya nailoni hunyumbuka sana kabla ya kukatika, na ikikatika nguvu yote iliyojikusanya hurudi nyuma kwa kishindo cha kuvunja miguu. Ndiyo maana askari wa sitaha hasimami kwenye mstari wa kamba iliyokazwa, haruki juu yake, na hatii mguu ndani ya kitanzi cha kamba iliyolala sakafuni.

Kazi yao ya kila siku ni kutu. Chuma kinaparuliwa mpaka king'ae, kinaoshwa kwa maji baridi (nasema maji baridi kwa maana ya pwani, yaani yasiyo na chumvi), kinakauka, kinapakwa rangi ya msingi, kisha rangi ya juu mara mbili. Wengi wanakosea kwenye kuosha. Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu kupitia rangi hiyohiyo, malengelenge yanajitokeza, na baada ya miezi michache kazi inaanza upya. Kijana akilalamika kwamba kutwa anapaka rangi, ajue anailinda bati inayowatenganisha yeye na wenzake na maji.

---

Mama Wawili wa Kisasa

Shikamoo mzee. Wa kwangu yuko injini. Naomba anayejua anieleze anachofanya humo, na kama ni kweli kelele zinaua masikio.

---

Fundi Kizota

Mama, kelele zinaua masikio kweli, nianze na hapo.

Kipimo kinachotumika viwandani ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda salama unagawanywa kwa mbili: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 saa 1, 97 nusu saa, 100 robo saa. Chumba cha injini za dizeli zinazokwenda kasi hupita 100 bila shida. Kwenye 105, bila kinga, muda wake hauzidi dakika 5. Ndiyo maana wanavaa vizibo ndani ya sikio na vifuniko vya nje juu yake, vyote viwili kwa pamoja. Sikio huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, karibu na mzunguko wa 4,000 kwa sekunde, ndiyo maana mtu anakusikia ukiongea lakini hapati vizuri herufi kama s na f. Likishapotea halirudi. Muulize mwanao kama amepimwa usikivu mwanzoni mwa kazi, maana bila kipimo cha mwanzo hakuna cha kulinganisha baadaye.

Sasa kazi. Injini ya meli ina mizunguko miwili ya maji. Maji baridi yanazunguka ndani ya injini yenyewe, na maji ya bahari yanapita kwenye kipoza kuyapoza yale ya ndani. Maji ya bahari hayaingii kwenye injini moja kwa moja kwa sababu yangeacha magadi ya chumvi na kula chuma. Yanavutwa kutoka kwenye kisanduku kilicho chini ya meli, yanapita kwenye chujio, pampu, kipoza, kisha yanarudi baharini.

Tatizo la kawaida kwenye mwambao wetu ni chujio kuziba kwa mwani, mifuko ya plastiki au viwavi vya bahari. Dalili ni shinikizo la maji ya bahari kushuka huku joto la injini likipanda pole pole. Kusafisha kuna mpangilio na haurukwi:

Unahamishia maji kwenye chujio la pili. Unafunga valvu zote mbili za chujio chafu, ya kuingilia na ya kutokea. Unafungua kizibo kidogo cha hewa na kile cha kutolea maji, unasubiri mpaka maji yaishe kabisa. Yakiendelea kutoka bila kukoma, valvu haijafunga, usiguse kifuniko. Unalegeza nati kwa kukabiliana, siyo kuzunguka upande mmoja. Unatoa kikapu, unasafisha, unaangalia gasketi kama imepasuka. Ukishafunga, unafungua valvu ya kuingilia kidogo tu, hewa inatoka kwenye kizibo mpaka maji yaje bila mapovu, ndipo unafunga kizibo na kufungua valvu zote.

Kuna makosa mawili yanayoumiza. La kwanza ni kufungua kifuniko valvu ikiwa haijakaza: hapo umeitoboa meli kwa mkono wako, maji ya bahari yanamiminika ndani. La pili ni kusahau kutoa hewa: pampu inazunguka kwenye hewa, maji hayaendi, injini inapanda joto dakika chache baada ya kazi uliyodhani umeimaliza vizuri.

Wahenga wa pwani walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa fundi wa injini ni kweli neno kwa neno: kila kinachovuja melini, maji au mafuta, hushukia ngamani, chini kabisa. Kwa hiyo kila zamu wanapima kina cha maji ya ngama na kukiandika. Namba iliyoandikwa saa nne zilizopita ndiyo inayokuambia kama leo kuna kitu kimeanza kuvuja.

Moto wa injini huanzia zaidi kwenye mafuta yanayochuruzika yakakuta sehemu ya moto. Sheria za meli za biashara zinataka kila sehemu inayozidi nyuzi 220 za joto izungushiwe kizuizi, na bomba za mafuta za shinikizo kubwa ziwe na bomba la pili nje yake. Ukiona fundi ametoa kizuizi cha ekzosi akakiacha pembeni "nitakirudisha baadaye", hapo moto umeshaandaliwa. Tena, tundu dogo kwenye bomba la mafuta halitafutwi kwa kidole. Shinikizo lile linapenya ngozi kama sindano, na jeraha linaonekana dogo kumbe ndani mafuta yamesambaa. Anapitisha kipande cha boksi. Akidungwa, ni hospitali saa hiyohiyo hata kama haumii.

Zamu kwa kawaida ni saa 4 kazini na 8 nje, mara mbili kwa siku. Anayeshika saa 6 usiku hadi 10 alfajiri anashika tena saa 6 mchana hadi 10 jioni. Asipopokea simu mchana usiogope, huenda amelala.

---

Waya Mwekundu

Naongezea la umeme kwa ufupi, maana wengi wanachanganya fundi umeme na fundi injini.

Umeme wa melini hauna waya wa kati uliofungwa kwenye mwili wa meli kama ulivyo wa nyumbani. Umefanywa hivyo ili waya mmoja ukigusa chuma, mashine ya usukani isizimike katikati ya bahari. Lakini hitilafu hiyo ya kwanza haikati umeme, kwa hiyo lazima mtu aione. Kwenye ubao kuna taa 3. Zote zikiwaka sawa, mambo ni mazima. Moja ikififia na mbili zikazidi kung'aa, waya wa ile iliyofifia umegusa mwili wa meli. Fundi anazima tawi moja baada ya jingine mpaka taa zilingane, hapo amelipata lenye kasoro. Sababu ni ileile karibu kila mara: unyevu wa chumvi kwenye kisanduku cha sitahani ambacho mpira wake umechoka.

Kabla ya kugusa anazima, anaweka kufuli na kibao chenye jina lake, anapima kwa mita. Mita yenyewe anaijaribu kwenye umeme unaojulikana upo, kabla na baada. Mita mbovu husema sifuri kwa ujasiri uleule.

Kijana mwenye cheti cha VETA cha umeme ana mahali pa kuanzia. Ila apimwe kutofautisha rangi mapema.

---

Mama Wawili wa Kisasa

Asante sana wanangu. Kuhusu hizo rangi, wanapimwaje? Na ni kwa fundi umeme tu?

---

Hesabu za Area D

Mama, ni kwa kitabu cha madoa ya rangi chenye namba zilizofichwa ndani. Kliniki ya macho ya hospitali kubwa hapa mjini wanaweza kumpima kwa dakika chache. Kasoro hii hurithiwa, na huwapata wavulana zaidi kwa sababu imebebwa kwenye kromosomu X. Mtu anaweza kufika kidato cha sita bila kujua anayo.

Anayeihitaji kuliko wote ni mtu wa urambazaji, yaani darajani, anayeongoza meli. Usiku meli inasoma meli nyingine kwa taa: nyekundu ubavu wa kushoto, kijani ubavu wa kulia, nyeupe nyuma, na nyeupe mlingotini kwa meli ya injini. Ukiona nyekundu tu, unaangalia ubavu wake wa kushoto, anakatiza kwenda kushoto kwako. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, anakuja usoni kwako. Asiyetofautisha hizo mbili hawezi kusimama zamu ya usiku, na hakuna bidii inayoziba pengo hilo. Ni afadhali kijana ajue akiwa Dodoma kuliko akiwa ameshaweka moyo kwenye fani.

Kazi ya urambazaji ni hesabu ndogondogo zisizoruhusu kosa. Maili ya baharini ni mita 1,852, na noti 1 ni maili 1 kwa saa. Lakini hesabu inayoangusha wengi ni ya maji kujaa na kupwa. Kwetu maji hujaa mara mbili kwa siku na kupwa mara mbili. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, upwa wa Dar hujaa kabisa karibu saa 10 na kupwa karibu saa 4. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kanuni ni ya sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1.

Chukua mfano. Maji ya chini ni mita 0.4, ya juu 3.4, tofauti mita 3. Saa moja baada ya kuanza kujaa, yamepanda sehemu 1 ya 12, yaani mita 0.25, yapo 0.65. Anayegawanya sawasawa kwa saa 6 atasema yamepanda 0.5, yapo 0.9. Sasa mbele kuna fungu, yaani kilima cha mchanga chini ya maji, ambalo ramani inasema lina mita 2.0 za maji, na kimo cha maji ya saa hiyo huongezwa juu yake. Aliyekosea anadhani ana 2.9, kumbe ana 2.65. Boti inayozama mita 2.7 chini ya mstari wa maji, kwa hesabu yake inapita na nafasi ya sentimita 20. Kwa maji yaliyopo, inakwama. Na hiyo ni kabla ya kuhesabu mawimbi.

Mzazi mwenye mtoto wa fani hii amhimize hisabati ya pembe na jiografia. Kitabu cha kidato cha nne kinatosha kuanzia.

---

Mtaa wa Chang'ombe

Wa mawasiliano hawajatajwa. Hapo kosa letu sisi Waswahili ni saa.

Meli huandika saa kwa tarakimu 4 na mara nyingi kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa 3. Saa 3 asubuhi kwetu ni 0900 ya Afrika Mashariki na 0600 ya dunia. Mtu akitamka "saa tisa" redioni, mmoja anaandika 1500 na mwingine anaandika 0900. Hiyo ni tofauti ya saa 6. Kwa meli inayokwenda noti 12 ni maili 72, kama kilomita 133 nje ya mahali mnapokutana. Ndiyo maana wanafundishwa kutamka tarakimu moja moja na anayepokea kurudia alichosikia.

Vifaa vyenyewe: redio ya masafa mafupi chaneli 16, yaani megahezi 156.8, inasikilizwa muda wote. Chaneli 70 ni ya miito ya kidijitali, haizungumzwi. Kwa masafa marefu, mchana hutumia namba za juu za mawimbi na usiku hushuka, kwa sababu tabaka la anga linalorudisha mawimbi ya redio hubadilika jua likizama. Kijana akilazimisha namba ya mchana saa 5 usiku atasikia kimya tu na kudhani redio imekufa.

Ujumbe wa dhiki una mpangilio: neno la dhiki mara 3, jina la chombo, mahali kilipo, kilichotokea, msaada unaotakiwa, idadi ya watu. Mahali panatangulia tatizo kwa sababu redio ikikatika katikati, angalau waokoaji wajue pa kwenda.

---

Mama Lishe Sabasaba

Nawaombeni msiwasahau wapishi. Watu huona ni kazi ya chini, na mimi sikubaliani kabisa. Mpishi mmoja akikosea, meli nzima inaendesha, na huko hakuna gari la wagonjwa.

Kwa watu 40, wali mlo mmoja ni gramu 150 za mchele mkavu kwa mtu, kilo 6. Ugali ni gramu 200 za unga, kilo 8 na maji lita 18 hadi 20. Jikoni mwa meli sufuria zinazuiwa kwa vyuma juu ya jiko, na bahari ikichafuka sufuria haijazwi zaidi ya theluthi mbili. Siku kama hiyo hakuna kukaanga kwa mafuta mengi. Mafuta yakimwagikia jikoni ni moto, na moto wa mafuta haumwagiwi maji: maji yanageuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Ni kufunika, kuzima jiko na kuacha ipoe.

Friza nyuzi 18 chini ya sifuri, friji 0 hadi 4. Chakula kilichoiva kinakaa juu ya 60 au kinapozwa upesi. Kwenye joto la chumba cha meli, wali uliobaki kwenye sufuria kubwa hupoa pole pole mno katikati, na kuupasha moto tena hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa na vijidudu. Ugawe kwenye sinia fupi za kina kidogo.

---

Baba wa Hombolo

Mama Lishe umesema vizuri. Kwenye moto niongezee: melini gesi ya kaboni (kaboni dioksidi) ni bora kuliko maji mara zote. Unafungulia gesi, moto umekwisha, hakuna uharibifu.

---

Fundi Kizota

Mzee wangu, samahani, hapo si mara zote, na wazazi wasibaki na wazo hilo.

Gesi ya kaboni inazima moto kwa kuondoa hewa, na inaondoa hewa kwa binadamu pia. Kabla ya kuifungulia kwenye chumba cha injini: king'ora, watu wanatoka, wanahesabiwa kwa majina, milango na matundu ya hewa yanafungwa, feni na mafuta yanazimwa kwa swichi za nje. Ikifunguliwa huku tundu moja la hewa likiwa wazi, gesi inatoroka na mara nyingi huna ya pili. Halafu chumba hakifunguliwi upesi. Chuma bado ni cha moto, hewa ikiingia moto unarudi kwa nguvu. Kuta za nje zinapozwa kwa maji na kupimwa joto kwa saa kadhaa.

Maji nayo yana yake. Mipira miwili inayotoa lita 300 kwa dakika kila mmoja ni tani 36 kwa saa. Yakibaki kwenye sitaha ya juu yanahama kila meli inapolala upande, na kuilaza zaidi. Mwaka 1942 meli kubwa Normandie iliungua ikiwa imefungwa gatini New York, na baada ya moto ikapinduka kwa uzito wa maji ya wazimamoto. Kwa hiyo kikosi cha kudhibiti madhara kina watu wa kuzima na watu wa kutoa maji, wote wakifanya kazi kwa pamoja.

Anayeingia na mtungi wa hewa anapiga hesabu mlangoni. Lita 6 kwa shinikizo la baa 300 (baa 1 ni kama shinikizo la hewa ya kawaida) ni lita 1,800, na mtu anayehangaika anatumia karibu 40 kwa dakika, ni dakika 45 kwa makadirio. Filimbi ya onyo hulia ikibaki karibu baa 55, kama dakika 8. Njia ya kurudi ikihitaji 10, kusubiri filimbi ni kuchelewa.

---

Baba wa Hombolo

Nimekuelewa kijana, na ahsante kwa kunisahihisha. Nifute nilichosema.

---

Mama Wawili wa Kisasa

Mdogo mtu yeye amechaguliwa kujaribiwa upiga mbizi. Hiyo ndiyo inaninyima usingizi.

---

Kina Mita Ishirini

Mama, nitaeleza kwa kirefu, maana fani hii ndiyo yenye jambo linalotuhusu moja kwa moja sisi wa Dodoma.

Wengine mtaani husema "mzamiaji", lakini neno hilo limeshachukuliwa na wanaokimbilia nje kwa njia za panya, kwa hiyo tuseme mpiga mbizi. Kazi yake jeshini haihusiani sana na kuogelea. Anakagua sehemu ya meli iliyo chini ya maji, anakata kamba au nyavu zilizosokota panga zinazoisukuma meli, anabadilisha vipande vya zinki vinavyoliwa na chumvi badala ya chuma cha meli, anatafuta vitu na watu waliozama. Mengi anayafanya kwa kupapasa, kwa sababu bandarini maji ni machafu na haoni mkono wake.

Hesabu yake ni ya hewa. Kila mita 10 za kina zinaongeza shinikizo sawa na la anga lote lililo juu yetu. Mtungi wa lita 12 wenye baa 200 una lita 2,400. Mtu aliyetulia anatumia lita 20 kwa dakika juu ya maji. Kwenye mita 20 shinikizo ni mara 3, kwa hiyo anatumia 60. Akiweka akiba ya baa 50, anabaki na lita 1,800, yaani dakika 30. Lakini akifanya kazi nzito na msumeno anaweza kutumia mara mbili ya hapo, na muda unakuwa dakika 15. Hapo ndipo wageni wanapokosea: wanapanga kwa pumzi ya kupumzika kisha wanafanya kazi ya kubeba.

Kanuni ya kwanza wakati wa kupanda ni kutoshikilia pumzi. Hewa iliyo mapafuni kwenye mita 10 inakuwa mara mbili ikifika juu, na mapafu hayana nafasi hiyo. Kanuni ya pili ni kupanda pole pole, mita 9 au 10 kwa dakika, na kusimama dakika 3 kwenye mita 5. Sababu ni naitrojeni. Chini ya shinikizo inayeyuka kwenye damu na mafuta ya mwili. Ukipanda haraka inatoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla.

Mwenye mafua hashuki, maana masikio hayatasawazika na ngoma inaweza kupasuka. Jino lenye tundu au ziba lililolegea linaweza kunasa hewa na kuuma vibaya. Kwa hiyo mzazi, meno yatengenezwe kabla ya vipimo.

Kwa mazoezi ya huku, tumia bwawa la kuogelea lenye mtu wa kuangalia. Bwawa la umwagiliaji na Mtera siyo, kuna kichocho, na Mtera kuna mamba na viboko. Kipimo cha nyumbani: aelee dakika 10 bila kugusa ukingo, aogelee mita 200 bila kusimama, yaani urefu wa mita 25 mara 8. Akiweza kwenye maji baridi, bahari itambeba zaidi kwa sababu lita moja ya maji ya chumvi ina uzito wa kilo 1.025. Asijizoeze kuhema haraka haraka mara nyingi kisha kuzama kwa pumzi moja. Kuhema huko kunafukuza gesi inayomwambia mwili "sasa pumua", na mtu anazimia chini bila onyo lolote, hata kwenye maji ya kifuani.

Kuhusu kuokoa watu, kuna kumbukumbu mbili za nchi yetu ambazo kila mpiga mbizi anapaswa kuzijua. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, tundu lililokatwa kwenye mwili wake liliachia hewa iliyokuwa ikiielesha, ikazama na waliokuwa ndani. MV Nyerere ilipopinduka Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wapiga mbizi walimtoa fundi wa injini akiwa hai siku mbili baadaye, kwenye sehemu iliyokuwa na hewa. Ndiyo maana kazi huanza kwa kugonga ubavu na kusikiliza, kabla ya kukata chochote.

Sasa la Dodoma. Mji wetu uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 87 ya lile la Kigamboni. Kijana aliyetoka majini akapanda ndege, basi au treni siku hiyohiyo kuja likizo, mwili wake unaendelea "kupanda" njiani. Mapovu yanaweza kuanzia Morogoro.

---

Mtaa wa Chang'ombe

Mkuu, kwa ndege naelewa. Ila treni ya SGR inatembea ardhini, ina tatizo gani?

---

Kina Mita Ishirini

Ndugu, mwili haujui chombo, unajua shinikizo. Ukifika Dodoma kwa treni upo mita 1,100 juu ya bahari kama uliyekuja kwa gari. Tofauti na ndege ni kwamba ndani ya ndege shinikizo linaweza kushuka hadi sawa na mlima wa mita 2,400, kwa hiyo ndege ni mbaya zaidi. Majedwali ya wapiga mbizi huanza kuhesabu mwinuko kuanzia kama mita 300, na sisi tumezidi mara tatu na zaidi. Zaidi ya hapo, treni inakufikisha kwa muda mfupi, kama saa 4, mwili haujamaliza kutoa ile gesi.

Kwa ndege mwongozo uliozoeleka ni saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, saa 18 baada ya mbizi za siku kadhaa, na zaidi ya hapo kama mbizi ilihitaji kusimama njiani kwa lazima. Kwa kuja Dodoma, saa 24 kavu ni rahisi kukumbuka na ina akiba.

Dalili za kuangalia akiwa nyumbani: maumivu ya bega, kiwiko au goti bila kuumia, ganzi, madoa ya ngozi, kizunguzungu, miguu kukosa nguvu, kushindwa kukojoa. Nyingi hutokea ndani ya saa 6, karibu zote ndani ya 24. Huku watasema ni malaria au uchovu wa safari. Mlaze chali, apewe maji kama yuko macho, asikandwe, apelekwe hospitali yenye oksijeni, na daktari aambiwe wazi: huyu ni mpiga mbizi, alitoka majini saa fulani, alikuwa kina fulani. Kisha apigiwe simu msimamizi wake, kwa sababu tiba yenyewe ni chumba cha mgandamizo, na anayejua kilipo cha karibu ni yeye. Namba ya msimamizi iwe kwenye simu yako wewe mama, siyo kwenye ya kwake peke yake.

---

Mzee wa Ipagala

Kabla hatujaendelea, kuna aliyeniuliza pembeni kama cheti cha jeshini kinatumika moja kwa moja kwenye meli za biashara. Hapana. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa 1978 hauzihusu meli za kivita. Akitaka kuhamia huko lazima apitie kozi za usalama, kama zinazotolewa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam, na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) ndio wanaopima muda wake wa baharini na kutoa vyeti. Kwa hiyo atunze rekodi ya muda: injini yenye kilowati ngapi, maana ngazi za vyeti hukatwa kwenye 750 na 3,000, na kwa wa sitaha ukubwa wa meli kwa tani za ujazo, kwenye 500 na 3,000. Wapiga mbizi wana vyeti vyao vingine kabisa.

---

Mama Wawili wa Kisasa

Kijana wangu wa Mita Ishirini, Mungu akubariki. Nikuulize la mwisho. Akitoka majini Ijumaa saa 10 jioni, treni ya Jumamosi saa 12 asubuhi ni mapema?

---

Kina Mita Ishirini

Ndiyo mama, hapo ni saa 14 tu. Kama wiki nzima alikuwa anashuka kila siku, achukue ya Jumamosi jioni kuanzia saa 11, au ya Jumapili. Na kabla ya kukata tiketi amwonyeshe msimamizi daftari lake la mbizi. Akimwambia asubiri saa 48, asubiri.

---

Mama Wawili wa Kisasa

Nimemtumia ujumbe aisogeze hadi Jumapili. Namba ya msimamizi nimemwomba anitumie leo.